Msimbo nao una masjala

Barua ya uhamisho ikitoka, mtakwimu hukabidhi vitu vinavyohesabika: laptopu, funguo za kabati, majalada, muhuri kama alikuwa nao. Fomu ya makabidhiano haina mstari wa ile programu ya R (lugha ya kompyuta ya kuchakatia takwimu) aliyoiendesha kila robo mwaka kusafisha takwimu za halmashauri. Programu inabaki kwenye folda iitwayo "Kazi", laptopu inafutwa ili apewe mwingine, na robo inayofuata mgeni anaanza kuandika upya kitu ambacho serikali ilishakilipia mshahara wa miezi. Huku Nyanda za Juu Kusini hilo halihitaji ajali wala uzembe. Watumishi huhama, ndiyo desturi ya utumishi, na chochote kinachokaa kichwani au kwenye laptopu ya mtu mmoja huhama naye.

Haya hapa yametokana na kazi ya kuchakata takwimu za mikoa minne: Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe. Mengi tuliyajua baada ya kuyakosea. Tunasema "msimbo", yaani maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta iyafuate, kwa makusudi, maana "kodi" ofisini ina mwenyewe, naye ni TRA.

Wengi huamini kwamba kupanga msimbo ni elimu ngeni inayohitaji mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Kumbe mtumishi yeyote aliyepita masjala anaijua nusu yake. Jalada lina namba. Kila karatasi inayoingia hupewa folio, hakuna anayechomoa folio ya katikati, na kila hatua huandikiwa dokezo lenye tarehe na saini, ili anayefungua jalada miaka mitano baadaye aelewe nani aliamua nini na kwa nini. Git, programu aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, hufanya kazi hiyohiyo kwa mafaili ya msimbo. Unapokomiti, unaweka folio mpya jaladani: mabadiliko, jina lako, saa, na dokezo. Folio ya zamani haipotei hata ukifuta faili lenyewe. Ubora huo una upande wake mchungu, na tutaufikia kwenye nywila.

Mahali watu wanapolegea ni kwenye dokezo. Ukipitia historia ya ghala la msimbo, yaani folda inayotunzwa na Git, ukakuta "marekebisho", "marekebisho tena", "sasa iko sawa", ujue hilo ni jalada lisilo na madokezo. Dokezo zuri lina mstari wa kwanza mfupi, herufi hamsini hivi, unaosema kilichofanyika. Unaruka mstari mmoja, kisha unaandika sababu. Kwa mfano: "Sahihisha jina la Wanging'ombe". Chini yake: "Faili la robo ya pili liliandikwa kwa ritifaa iliyopinda ya Word, jina likashindwa kuoana na jedwali la watu, halmashauri ikadondoka kimyakimya." Mistari mitatu tu, lakini inamwokoa anayekuja asimalize asubuhi nzima akitafuta kosa lililokwisha kupatikana.

Ghala likae wapi

Kwanza, lisikae WhatsApp. Faili likitumwa kwenye kundi, baada ya wiki yapo matoleo manne na kila mmoja anaapa kwamba lake ndilo la mwisho.

Kama ofisi ina seva ndogo au hata kompyuta ya mezani iliyostaafu, programu ya Gitea, ya kutunzia maghala ya Git, hukaa humo bila kulalamika. GitLab ina mambo mengi zaidi lakini inakula RAM. Usiiweke kwenye mashine yenye chini ya gigabaiti 4, na hata hizo utaona zinabana. Nunua UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika diski, historia ya ghala inaweza kuharibika. Yote hayo yapitie kwa Afisa TEHAMA na yafuate miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao. Kufungua akaunti binafsi kwenye huduma ya nje na kupandisha kazi ya serikali humo ni njia ya mkato ambayo siku moja utatakiwa kuitolea maelezo ya maandishi.

Bila seva, folda ya pamoja kwenye mtandao wa ofisi inatosha, ila iwe ghala tupu lililoundwa kwa `git init --bare`, yaani lisilo na mafaili ya kufanyia kazi. Kila mtu analinakili kwenye laptopu yake kwa `git clone`, anafanyia kazi huko, kisha anapandisha. Kosa tuliloliona mara nyingi ni watu watatu kufungua folda ileile moja na kuandika humo kwa pamoja. Jingine, baya zaidi, ni kuweka folda ya kazi ndani ya OneDrive au Google Drive. Huduma hizo husawazisha mafaili madogomadogo ya `.git` kwa mpangilio wao zenyewe, na mashine mbili zikisawazisha kwa wakati mmoja ghala huchanganyikiwa. Chagua kimoja: ama Git isawazishe, ama OneDrive.

Usishtuke pia Git ikikataa kufungua ghala lililo kwenye flashi au folda ya pamoja, ikilalamika kuwa mmiliki wake anatia shaka. Tangu toleo 2.35.2 la mwaka 2022 imekuwa hivyo kwa ajili ya usalama. Unaitaja folda hiyo kwenye mpangilio wa `safe.directory`, kazi inaendelea. Usiweke alama ya nyota inayoruhusu folda zote, hata kama mtandaoni wameandika hivyo.

Kwa mwenzako aliye Makete au Ludewa, ambako intaneti siku nyingine inakuja na kuondoka kama ukungu, kuna amri ambayo wengi hawaijui: `git bundle create robo2.bundle --all`. Inafunga ghala zima na historia yake kwenye faili moja. Msimbo ni maandishi matupu, kwa hiyo faili hilo mara nyingi ni la megabaiti chache. Linaingia kwenye flashi au barua pepe bila kumaliza bando. Anayelipokea analikagua kwa `git bundle verify` akiwa ndani ya ghala lolote la Git, kisha analinakili kama ghala lingine lolote. Git haikuhitaji intaneti tangu mwanzo. Intaneti ni barabara mojawapo tu.

Masjala ya wazi na masjala ya siri

Msimbo unakaa masjala ya wazi, takwimu ghafi zinakaa masjala ya siri. Tukilazimishwa kubaki na kanuni moja tu, tungebaki na hii. Msimbo unaweza kusomwa na mwenzako wa mkoa jirani, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) aliyekuja mafunzo kwa vitendo, hata mkaguzi. Orodha ya kaya, namba za simu za wakulima au rejesta ya wagonjwa haiwezi. Sheria ya Takwimu inazuia kutoa taarifa zinazomtambulisha mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeongeza uzito.

Kwa hiyo mpangilio wa kila mradi wetu unafanana, ili mtu akihama kutoka ripoti ya kilimo kwenda ya elimu asijifunze nyumba upya:

```
ripoti-robo-kilimo/
  README.md
  msimbo/   01_pokea.R  02_safisha.R  03_unganisha.R
            04_hakiki.R  05_jedwali.R
  rejea/    halmashauri.csv  majina_mbadala.csv  vipimo.csv
  ghafi/    haiingii kwenye Git
  matokeo/  haiingii kwenye Git
```

Folda mbili za mwisho zimeandikwa kwenye faili la `.gitignore` siku ya kwanza, kabla ya kukomiti chochote. Siku ya kwanza, si ya pili. `.gitignore` huzuia faili ambalo Git haijaanza kulifuatilia. Ukishalikomiti, kuliandika humo hakusaidii kitu. Utalitoa kwa `git rm --cached`, lakini nakala yake bado iko kwenye folio za nyuma na kila aliyenakili ghala anayo. Kulifuta kabisa kunataka kuandika historia upya kwa `git filter-repo`, kisha kila mtu atupe nakala yake na kunakili tena. Timu ya watu sita inapoteza siku nzima hapo.

Daftari za Jupyter, mafaili ya kuandikia na kuendeshea msimbo kipande kwa kipande, nazo zina mtego. Ndani ya faili la daftari hukaa msimbo pamoja na matokeo yaliyoonekana kwenye skrini, na kama uliangalia mistari mitano ya kwanza ya jedwali la kaya, majina ya watu watano yameingia ghalani. Kifurushi cha `nbstripout` huondoa matokeo hayo kabla ya kukomiti. Kisakinishwe kwenye kila ghala lenye daftari, maana kumbukumbu ya binadamu Ijumaa saa tisa alasiri si ya kutegemewa.

Nywila ya kanzidata haiandikwi ndani ya msimbo. Kwa R iweke kwenye `.Renviron`, kwa Python kwenye `.env`, na mafaili hayo yasiingie Git. Ndani ya ghala weka `mfano.env` lenye majina ya vigezo bila thamani, ili mgeni ajue anatakiwa kujaza nini. Na kama nywila ilishakomitiwa, hata kwa dakika kumi, usijifariji kwa kuifuta. Ibadilishe. Nywila iliyoingia kwenye historia ni sawa na ufunguo ulioachwa mezani stendi.

Majina ya halmashauri

Hapa ndipo muda wetu mwingi ulipotelea, na hapa ndipo kushirikiana msimbo kunalipa zaidi kuliko mahali pengine popote.

Mikoa hii minne ina halmashauri 23. Mbeya ina saba: Jiji la Mbeya, Mbeya, Rungwe, Busokelo, Kyela, Mbarali na Chunya. Songwe ina tano, Iringa tano, Njombe sita. Ukitazama haraka utadhani jina linatosha kuunganisha jedwali moja na jingine. Halitoshi. "Mbeya" ni mkoa, ni jiji na ni halmashauri ya wilaya. "Iringa" ni mkoa, manispaa na wilaya. "Njombe" ni mkoa, mji na wilaya. "Songwe" ni mkoa na halmashauri ya wilaya, na kama hiyo haitoshi, uwanja wa ndege wa Songwe uko Mkoa wa Mbeya.

Sasa kila mwandishi wa faili ana mtindo wake: "Mbeya CC", "Mbeya Jiji", "Jiji la Mbeya", "MBEYA JIJI" yenye nafasi moja tupu mwishoni usiyoiona kwa macho. Kishawishi cha kijana anayetoka chuoni ni kutumia fanksheni (kipande cha msimbo chenye kazi moja) ya kukisia majina yanayokaribiana. Ikataeni. "Iringa DC" (wilaya) na "Iringa MC" (manispaa) zinatofautiana herufi moja. Kompyuta itakuambia kwa furaha kwamba ni kitu kimoja, na umewahamishia watu wa manispaa kijijini. "Njombe DC" na "Njombe TC" (mji) ni hivyohivyo.

Dawa yake haina ufundi mkubwa. Faili la `halmashauri.csv` lina mstari mmoja kwa kila halmashauri: namba yake, jina rasmi, aina, mkoa. Faili la `majina_mbadala.csv` lina kila tahajia iliyowahi kutokea na namba inayolenga. Msimbo wa kusafisha huondoa nafasi tupu, hugeuza herufi zote kuwa ndogo, hunyoosha ritifaa, kisha hutafuta kwenye orodha. Jina lisilopatikana halikisiwi: programu inasimama na kulitaja. Mtu analiangalia, anaamua, anaongeza mstari kwenye faili na kukomiti. Baada ya robo tatu hivi, majina mapya huwa machache sana.

Ritifaa, yaani alama ya ('), tuitazame peke yake. Wanging'ombe ina ritifaa, na neno ng'ombe, ambalo ni safu katika kila jedwali la mifugo, linayo. Word hupenda kuipindisha. Kibodi huitoa ikiwa wima. Kwa jicho ni ileile, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, U+2019 na U+0027. Na hiyo iliyo wima ina kisa kingine: katika SQL, lugha ya kuuliza kanzidata, ndiyo inayofunga maandishi, kwa hiyo ukiunganisha swali kwa kubandikabandika vipande, Wanging'ombe inakata sentensi katikati. Pitisha thamani kama kigezo, usiibandike. Halmashauri hii moja imetufundisha SQL safi kuliko kozi yoyote.

Halafu kuna historia. Njombe ilifanywa mkoa mwaka 2012, ikitoka Iringa. Songwe ilitoka Mbeya mwaka 2016. Mtu akichora mwenendo wa mavuno ya mahindi ya Mkoa wa Mbeya tangu 2010 bila kulijali hilo, mstari unaporomoka 2016 kana kwamba wakulima walitupa majembe. Kumbe Mbozi, Momba na Ileje wanaendelea kulima, wamehesabiwa kwingine tu. Kwa hiyo `halmashauri.csv` ina safu mbili zaidi, `kuanzia` na `hadi`, na fanksheni inayouliza mkoa haikubali kujibu bila kupewa mwaka. Ripoti za mwenendo tunazitoa kwa mipaka ya leo na tunaandika hivyo chini ya chati.

Majedwali haya ya rejea na fanksheni zake yalianza yakiwa ndani ya kila mradi, yakinakiliwa. Baada ya muda kila mradi ulikuwa na Wanging'ombe yake. Sasa yana ghala lake, kama kifurushi cha R, na kila ripoti inataja toleo inalotumia, mathalani 1.4.0. Kutaja toleo ni lazima. Vinginevyo mtu anarekebisha fanksheni Jumatatu kwa ajili ya elimu, na Jumanne ripoti ya afya inavunjika bila aliyeigusa. Ghala moja kwa kila ripoti inayojirudia, na moja la vitu vya pamoja: mgawanyo huu ndio uliotufaa. Tulijaribu kuweka kila kitu ghala moja. Kila mtu akawa anashusha mabadiliko yasiyomhusu, na watu wakaacha kushusha kabisa.

Mwaka upi, gunia gani

"2023/24" ni mwaka wa fedha, Julai mosi hadi Juni 30. Kwa bwana shamba ni msimu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei, na mahindi huvunwa kufuata mwinuko, kwa hiyo mavuno ya msimu mmoja yanavuka Juni 30 na kuangukia miaka miwili ya fedha. Mtu mmoja akikokotoa kwa mwezi wa mavuno na mwingine kwa msimu, majedwali mawili ya ofisi moja yanapingana mbele ya Katibu Tawala. Fanksheni ziko mbili, `mwaka_wa_fedha()` na `msimu_wa_kilimo()`, na hakuna anayeandika hesabu hiyo kwa mkono ndani ya ripoti.

Gunia nalo. Namba isiyo na kilo ni hadithi, kwa sababu gunia la kilo 100 na lumbesa yote huandikwa "gunia 1". Faili la `vipimo.csv` lina zao, kipimo, kilo, chanzo na tarehe. Kilo zikibadilishwa, dokezo linaeleza kwa nini.

Excel ibaki mlangoni

Kuipiga marufuku Excel ni kujidanganya. Halmashauri zitaleta Excel na wakubwa watataka Excel. Ibaki mlango wa kuingilia na wa kutokea. Katikati isifanye kazi, kwa sababu inabadilisha mambo bila kuuliza. Namba ya kijiji "012" inakuwa 12. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba na zilizobaki inazigeuza sifuri, hivyo watu kadhaa wanaweza kuonekana mtu mmoja. Tarehe 03/04/2024 ni Aprili 3 kwenye laptopu moja na Machi 4 kwenye nyingine, kutegemea Windows ilivyowekwa. Ukiona safu ya tarehe ina 45108, usiifute: ni Julai mosi 2023 kwa hesabu ya siku ya Excel.

Muundo wa zamani wa `.xls` hukomea mistari 65,536. Oktoba 2020 Uingereza ilitangaza kwamba wagonjwa 15,841 wa korona hawakuingia kwenye hesabu za kila siku kwa sababu ya kikomo hicho. Mistari iliyozidi ilikatwa na hakuna kengele iliyolia. Ndiyo sababu `01_pokea.R` husoma kila safu kama maandishi kwanza, huandika idadi ya mistari kwenye kumbukumbu, na ugeuzaji wa aina hufanyika hatua ya pili mahali pa wazi.

Wanaotumia SPSS, programu ya takwimu ya kubonyezabonyeza, wasiachwe nje. Badala ya kubonyeza OK, bonyeza Paste. Amri zote zinaandikwa kwenye faili la sintaksi, na faili hilo linaingia Git kama msimbo mwingine. Kwenye Stata, programu nyingine ya takwimu, faili la do (faili la amri) lianze na mstari wa `version`, ili toleo jipya liifasiri kama la zamani.

R na Python zinataka hivyo pia. R 4.0.0 ya mwaka 2020 iliacha kugeuza maandishi kuwa faktari (makundi yenye namba) yenyewe, na msimbo wa kabla ya hapo ukaanza kutoa majibu mengine bila kosa kuonekana. Pandas 2.0 ya 2023, kifurushi cha majedwali cha Python, iliondoa `append` ya majedwali, na hiyo angalau ilipiga kelele. Funga matoleo kwa `renv.lock` au `requirements.txt`, ukomiti mafaili hayo. Na kwa kuwa kupakua vifurushi upya ni bando, weka nakala ya vifurushi kwenye diski ya ofisi.

Namba za kukagulia

`04_hakiki.R` ndilo faili fupi kuliko yote na tunalithamini kuliko yote. Lina maswali yasiyokubali "karibu". Je, halmashauri ni 23? Je, mistari baada ya kuunganisha ni sawa na kabla? Swali hilo la pili hukamata kosa la kila siku: jedwali la rejea likiwa na mstari uliojirudia, kuunganisha huzalisha mistari, na jumla inapanda. Je, jumla ya watu kwa Sensa ya 2022 ni 2,343,754 Mbeya, 1,344,687 Songwe, 1,192,728 Iringa na 889,946 Njombe? Zote pamoja 5,771,115. Ikipungua hata mtu mmoja, programu inasimama na hakuna jedwali linalotoka. Awali tuliweka onyo badala ya kusimamisha. Onyo halisomwi, linapita kama tangazo la basini.

Anayehakiki msimbo wa mwenzake hasomi tu kwenye skrini. Anashusha tawi la mwenzake, yaani mabadiliko yake ambayo hayajaunganishwa, kwenye folda mpya, anaendesha kuanzia 01 hadi 05, anaona kama namba zinatoka. Hapo ndipo njia za aina ya `C:\Users\...\Desktop` zinapoumbuka, kwa kuwa kwenye laptopu nyingine hazipo. Tumia njia zinazoanzia mzizi wa mradi. Mabadiliko yaletwe madogo, mistari mia mbili au pungufu. Ukileta elfu mbili, mwenzako ataandika "sawa" na kwenda chai. Kuhusu vyeo, tumeona ni bora mdogo amhakiki mkubwa kuliko mkubwa kumhakiki mdogo. Mdogo huuliza asichokielewa, na asichokielewa ndicho README, faili la maelezo ya mradi, haikukieleza. Shida ni kwamba anaogopa, kwa hiyo swali aliandike kwenye ombi la kuunganisha badala ya kulisema mbele ya watu, na mkubwa ajibu hapohapo kwa maandishi.

Ripoti ikishasainiwa na kutumwa, ghala hupigwa muhuri: `git tag -a 2023-24-robo3`, na jina hilo linaandikwa chini ya ukurasa wa mwisho wa ripoti. Mkaguzi akija baada ya miaka miwili kuuliza namba ya ukurasa wa saba ilitoka wapi, unarudi kwenye muhuri huo, unaendesha, unamwonyesha. Takwimu ghafi za robo hiyo ziwe zimetunzwa pia, folda yenye tarehe na isiyoandikika, la sivyo muhuri hauna cha kusimamia.

Sasa ile fomu ya makabidhiano. Imeongezewa mistari minne: ghala liko wapi na muhuri wa mwisho ni upi; nani mwingine ana haki za usimamizi, maana haki hizo zikiwa kwa mtu mmoja huondoka naye; kazi zipi zinajiendesha zenyewe usiku na kwa akaunti ya nani, kwa kuwa akaunti ya aliyehama ikifungwa nazo hufa, na hakuna anayejua mpaka robo iishe; na nywila zipi alizijua na zimebadilishwa lini. Anayepokea hasaini siku anayopewa laptopu. Anasaini baada ya kunakili ghala kwenye mashine safi, kufuata README bila kumpigia simu aliyehama, kuendesha ripoti ya robo iliyopita, na kupata namba zilezile.